Sura ya Sita: Leseni Iliyomo Ndani ya Mashine

Ufunguo wa Windows ni herufi na tarakimu 25 zilizopangwa katika mafungu matano, kila fungu tano. Ufunguo huo si leseni. Leseni ni haki ya kutumia programu kwa masharti yaliyo kwenye mkataba ambao karibu kila mtumiaji huukubali bila kuusoma. Ufunguo ni kithibitisho cha haki hiyo. Na aktivesheni ni hatua ambayo kompyuta huwasiliana na seva za Microsoft ili haki na mashine vitambuliwe kuwa ni vya pamoja. Mambo haya matatu yakichanganywa, mwenye kompyuta huishia kununua upya kitu alicho nacho tayari, au kumlipa fundi amkrakie mashine ambayo leseni yake halali imo ndani tangu ilipotoka kiwandani.

Kompyuta zinazotumika Kibondo na Kasulu, na vijijini hadi Mabamba mpakani mwa Burundi, kwa sehemu kubwa ni mtumba: desktopu za Dell OptiPlex, HP Compaq na Lenovo ThinkCentre, laptopu za Latitude, EliteBook na ThinkPad. Zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi ya Ulaya, Marekani na Ghuba. Zikishatumika huko kwa miaka kadhaa huuzwa kwa jumla, hushuka bandarini Dar es Salaam, hupita madukani Kariakoo, kisha hupakiwa kwenye basi kuelekea magharibi. Asili hiyo ina maana kubwa kwa leseni. Kompyuta ya ofisi haiuzwi tupu kiwandani; kwa kawaida huuzwa ikiwa na Windows ya toleo la Pro, na bei ya leseni imo ndani ya bei ya mashine. Mwenye steshenari Mabamba anayenunua OptiPlex iliyokwisha kuzeeka amenunua pia leseni hiyo, ajue asijue.

Kupiga Windows upya ni kazi ya kawaida kwa fundi wa nyanda hizi. Hadi mwaka 2022 Kibondo na Kasulu zilikuwa zikipata umeme wa jenereta za dizeli za TANESCO, nje ya Gridi ya Taifa, na umeme unapokatika ghafla huku diski inaandika, mafaili ya mfumo huharibika. Gridi imefika, lakini kukatika kwa umeme hakujaisha. Tena steshenari ni mahali ambapo flashi za watu wengi huchomekwa kwenye mashine moja: wa kuchapa barua, wa kuomba kazi kwenye Ajira Portal, wa kujaza maombi ya mkopo wa HESLB, wa kutoa kopi ya kitambulisho cha NIDA. Virusi havina pa kukosea njia. Na kuna sababu nyingine, hii ikiwa ya heri: kubadilisha diski ngumu ya kuzunguka na kuweka SSD ndiyo matengenezo yanayoirudishia uhai kompyuta ya mwaka 2012 kuliko mengine yote, na diski mpya huja tupu. Kila mara swali ni lile lile: ufunguo uko wapi, na je, utakubali tena?

Jibu linategemea aina ya leseni, na kwa matumizi ya kawaida ziko tatu. Ya kwanza ni leseni ya kiwandani, ambayo mafundi huiita OEM. Hii hufungwa na mashine ya kwanza iliyowekewa, nayo hufa pamoja na mashine hiyo. Inaweza kupigwa upya kwenye mashine hiyo hiyo mara mia, bila malipo, lakini mkataba hauruhusu kuihamishia kwenye nyingine. Ya pili ni leseni ya rejareja, ile inayonunuliwa peke yake kwenye boksi au mtandaoni. Bei yake ni kubwa kuliko ya kiwandani, na tofauti hiyo ya bei hununua uhuru wa kuihamisha: mwenye nayo akiiondoa kwenye kompyuta ya zamani, anaruhusiwa kuiweka kwenye mpya, ila si kwenye zote mbili kwa pamoja. Ya tatu ni ya taasisi, inayonunuliwa kwa mkataba mmoja kwa kompyuta nyingi. Kuna pia leseni ambazo Microsoft huwapa wafanyabiashara waliosajiliwa wanaokarabati kompyuta za mtumba. Hizo huja na stika mpya inayobandikwa juu ya mashine, nazo hushikamana na mashine kama za kiwandani.

Zamani hakukuwa na haja ya kujua haya. Windows 95 iliyotoka Agosti 1995 iliuliza ufunguo wa tarakimu kumi, na ilichokagua ni hesabu tu: tarakimu saba za mwisho zikijumlishwa, jumla igawanyike kwa saba. Moja saba zilitosha. Hakuna seva iliyoulizwa, na ofisi nzima ingeweza kuishi kwa CD moja. Mambo yalibadilika Oktoba 2001, ilipotoka Windows XP. Tangu hapo mfumo hutazama vipande vya kompyuta (prosesa, diski, kadi ya mtandao, ubao mama na vinginevyo), huvigeuza kuwa namba moja inayoitambulisha mashine, na kuipeleka Microsoft pamoja na ufunguo. Mashine ikirudi siku nyingine na ufunguo ule ule na namba ile ile, au inayokaribiana nayo, seva huikubali. Ndiyo maana kupiga Windows upya kwenye kompyuta ambayo haijabadilishwa vipande hakuhesabiwi kuwa ni matumizi mapya ya leseni.

Kuanzia enzi za XP hadi Windows 7, iliyotoka Oktoba 2009, ufunguo ulichapwa kwenye stika iliyobandikwa ubavuni mwa desktopu au chini ya laptopu. Kwenye laptopu nyingi stika hiyo haisomeki tena. Joto na mapaja ya watumiaji vimeifuta. Mahali pengine pa kutazama ni ndani ya kitundu cha betri, ambako watengenezaji kadhaa waliihamishia baadaye. Stika iliyofifia inasomeka zaidi kwa anayejua kwamba funguo hizi hazitumii herufi zote. Hazina irabu hata moja, hazina L, S wala Z, na hazina sifuri, moja wala tano. N iliingizwa baadaye tu, wakati wa Windows 8. Kwa hiyo kitu kinachofanana na O au sifuri hakika si chochote kati ya hivyo viwili. Kitakuwa D au Q. Kinachofanana na 5 au S mara nyingi ni 6, 8 au 9 iliyochunika. Mkanganyiko wa kweli unabaki kati ya B na 8, na kati ya G na 6, na hapo ni kujaribu.

Mabamba kuna tatizo jingine ambalo fundi wa Dar es Salaam hakutani nalo mara nyingi. Mashine iliyotumika Burundi huweza kuwa na kibodi ya Kifaransa, ambayo herufi zake hazikai pale zinapokaa kwenye kibodi ya Kiingereza. Fundi akianza kupiga Windows bila kubadilisha mpangilio wa kibodi kwenye ukurasa wa kwanza, akibonyeza kitufe kilichoandikwa Q, mashine itapokea A. Akibonyeza W itapokea Z. Akibonyeza M itapokea nukta mkato. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoruhusiwa ndani ya ufunguo, hivyo ufunguo mzima unakataliwa na stika isiyo na kosa inatupiwa lawama. Mpangilio wa Kifaransa ukichaguliwa, tatizo linakwisha. Lugha ya Windows yenyewe haina neno: leseni ya Windows 10 Pro iliyokuwa ikitumika kwa Kifaransa inakubali kupigwa upya kwa Kiingereza.

Stika za Windows 7 kwenye mashine za makampuni makubwa zina fumbo lake. Kiwandani Dell au HP hawakuwa wakiandika ufunguo wa kila stika kwenye kila mashine. Walitumia ufunguo mmoja kwa maelfu ya kompyuta, na alama maalumu iliyowekwa ndani ya bayosi ndiyo iliyoithibitishia Windows kwamba imo ndani ya Dell au HP ya kweli. Fundi anayetumia programu ya kusoma ufunguo uliomo kwenye Windows 7 hupata ufunguo huo wa pamoja, akaandika kwenye daftari, akafuta diski, kisha akashangaa seva inaukataa. Ufunguo wa mashine ile ni ule wa kwenye stika, na aghalabu haukuwa umetumika hata siku moja.

Windows 8 ilipotoka tarehe 26 Oktoba 2012, stika yenye ufunguo iliondoka kwenye kompyuta za viwandani. Ufunguo wa kila mashine, sasa wa kwake peke yake, ukaandikwa ndani ya chipu ya bayosi kwenye ubao mama. Kufuta diski hakuugusi, kubadilisha diski hakuugusi. Fundi akianza kupiga Windows ya toleo linalolingana, programu ya kupigia inauchukua yenyewe bila kuuliza, na watu wengi hudhani flashi ya fundi ndiyo iliyokuwa na ufunguo. Kompyuta kadhaa za ofisi za miaka ya 2013 hadi 2016 ziliuzwa zikiwa na Windows 7 kwa matakwa ya wateja ilhali bayosi zao zina ufunguo wa Windows 8 Pro au 10 Pro. Kwa macho mashine kama hiyo inaonekana ya kizamani. Leseni yake ni ya mbele kuliko mfumo uliomo.

Windows 10 ya Julai 2015 ilileta leseni ya kidijitali. Namba ya utambulisho wa mashine huhifadhiwa upande wa Microsoft ikiwa na alama kwamba mashine hii imekwisha kuthibitishwa, na tangu Agosti 2016 kumbukumbu hiyo inaweza kuunganishwa na akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Hapo ufunguo wenyewe huwa hauna kazi tena. Kompyuta iliyopandishwa kutoka Windows 7 kwenda 10 huwekewa ufunguo wa jumla, ule ule duniani kote, unaotumika kujaza nafasi tu: kwa toleo la Pro unaishia na 3V66T, kwa Home unaishia na 8HVX7. Kuunukuu na kuutunza ni kazi bure. Hautafungua kompyuta nyingine yoyote, na mashine yenyewe haihitaji kukumbushwa.

Kabla ya kufuta chochote, basi, kinachofaa ni kuihoji mashine, na mashine ambayo bado inawaka huhojiwa kwa dakika moja. Kitufe cha Windows pamoja na R hufungua kiboksi cha kuandikia. Humo huandikwa slmgr /dli. Baada ya sekunde kadhaa hutokea kidirisha kidogo chenye mistari michache, na miwili kati yake inatosha. Mmoja unataja njia ambayo leseni ilipitia: OEM ni ya kiwandani, RETAIL ni ya rejareja au ya kidijitali, VOLUME ni ya taasisi. Mwingine unaonyesha herufi tano za mwisho za ufunguo. Zikiwa 3V66T au 8HVX7, na Windows inasema imeshaaktivetiwa, mashine ina leseni ya kidijitali na hakuna cha kunakili. Zikiwa T83GX, ni ufunguo wa kawaida wa kompyuta za taasisi zenye Windows Pro, na maana yake itaelezwa hapa chini. Amri ya pili, slmgr /xpr, inasema kama aktivesheni ni ya kudumu au ina tarehe ya mwisho. Ufunguo uliomo kwenye bayosi nao unasomeka, kwa kufungua PowerShell na kuandika (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey; mstari ukirudi mtupu, ubao huo hauna ufunguo ndani. Bila shaka kunakili mafaili ya mwenye mashine hutangulia haya yote. Vyeti vya mtu vilivyofutwa havirudishwi na Microsoft.

Jambo linalowaangusha mafundi wengi si ufunguo bali toleo. Leseni ya Home haifungui Pro, na leseni ya Pro haiipi uhai Home. Zipo pia Enterprise, Education, na Home ya lugha moja ambayo imo kwenye laptopu nyingi za bei nafuu zinazouzwa mpya. Fundi mwenye flashi moja ya Windows 10 Pro huipiga kwenye kila kinachokuja mezani. Laptopu ya mwanafunzi iliyokuja na Home inakuwa Pro, seva inakataa, maandishi hafifu yanatokea kwenye kona ya kioo kudai aktivesheni, na fundi anakimbilia kraki. Kumbe angechagua Home, mashine ingejiaktiveti yenyewe mara tu baada ya kuonja intaneti. Flashi iliyotengenezwa kwa programu ya Microsoft yenyewe ina matoleo yote ya kawaida ndani yake, na kuitengeneza hakuhitaji leseni. Kinachouma ni bando tu, kwa sababu faili lake ni gigabaiti kadhaa. Lakini likishapakuliwa mara moja linatumika kwenye mashine zote.

Wakati wa kupiga, kwa mashine inayojulikana kuwa na leseni ya kidijitali, huchaguliwa pale panaposema hakuna ufunguo, kisha toleo linalolingana. Baada ya hapo simu yenye hotspoti inatosha. Aktivesheni hula data kidogo sana. Ikikawia, tarehe na saa ya kompyuta vitazamwe kwanza. Betri ndogo ya duara kwenye ubao mama wa mashine kuukuu huwa imekufa, saa inarudi nyuma miaka mingi, na mawasiliano salama na seva hushindikana kwa sababu hiyo tu. Betri hiyo, CR2032, ni kitu cha bei ndogo, na imewahi kusingiziwa kuwa ni leseni iliyokwisha mara nyingi kuliko inavyostahili.

Vipande vikibadilishwa, hesabu inabadilika, ingawa si kwa kiwango wanachohofia watu. RAM ikiongezwa au diski ikibadilishwa, leseni haitikisiki. Ubao mama ukibadilishwa, kwa macho ya Microsoft hiyo ni kompyuta nyingine. Hapa karakana za mtumba zinapata shida ya kweli, kwani mashine mbovu huchinjwa ili kuponya nyingine, na baada ya miezi michache kasha lenye stika ya Windows 7 linaweza kuwa limebeba ubao wa mashine tofauti kabisa. Leseni ya kiwandani imekwenda na ubao. Stika imebaki pambo. Ujumbe wa kosa namba 0xC004F211 ndio Windows hutoa inapoona vipande vimebadilika. Aliyeunganisha leseni na akaunti yake kabla ya ubao kufa anaweza kuingia kwenye kitatuzi cha aktivesheni, akasema amebadilisha kipande, na kuichagua mashine yake kwenye orodha. Njia hiyo ni ya haki kwa mwenye leseni ya rejareja. Kwa leseni ya kiwandani mkataba unaruhusu ubao mpya pale tu unapowekwa na mtengenezaji au kwa niaba yake kwa sababu wa awali ulikuwa na hitilafu, jambo ambalo mwenye OptiPlex ya miaka kumi hawezi kulidai. Namba 0xC004C008 ni kitu kingine: inasema ufunguo umetumika kwenye mashine nyingi kuliko unavyoruhusiwa. Ukikutana nayo kwenye ufunguo ulionunuliwa, ujue kuna wengine walionunua huo huo.

Kibondo ina chanzo cha kompyuta ambacho wilaya nyingi za Tanzania hazina. Kambi ya wakimbizi ya Nduta iliwekwa wilayani humo, na ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, iliwekwa Kasulu; kwa ajili ya kambi hizo mashirika ya misaada yalifungua maofisi katika miji yote miwili. Ofisi kubwa ya namna yoyote, ya shirika, ya benki au ya serikali, huweza kutumia leseni ya taasisi, ambayo kompyuta hazizungumzi na Microsoft moja kwa moja bali na seva ya ndani ya ofisi. Seva hiyo haianzi kutoa aktivesheni kwa Windows za kawaida mpaka iombwe na kompyuta 25, na kila aktivesheni inadumu siku 180. Kompyuta iliyo ofisini huirefusha kimya kimya kila baada ya siku saba. Ikiuzwa kwa mnada ikapelekwa nyumbani, haioni tena seva yake. Inafanya kazi vizuri miezi sita, kisha inaanza kulalamika, na mnunuzi anaamini ameuziwa mashine mbovu.

Kilichoisha hapo ni leseni ya shirika, ambayo haikuuzwa na isingeweza kuuzwa kwenye mnada. Leseni za taasisi za Windows ni za kupandisha tu: haziruhusiwi kuwekwa kwenye mashine isiyo na leseni ya msingi. Kwa maneno mengine, chini ya ile ya shirika kuna leseni ya kiwandani iliyolala bila kuguswa, kwa kawaida ya Pro. Kinachotakiwa ni kupiga Windows Pro upya na kuacha bayosi itoe ufunguo wake. Siku ya mnada mnunuzi anayebeba flashi na kuomba dakika moja ya kuandika slmgr /dli atajua mapema anachonunua. Namba T83GX iliyotajwa juu ndiyo dalili yenyewe, ila ina utata mmoja: kraki nyingi hutumia mlango huo huo. Huiwekea mashine ufunguo wa taasisi na kuizungumzisha na seva bandia, iwe ndani ya kompyuta yenyewe au mahali fulani mtandaoni. Kompyuta isiyowahi kukanyaga ofisi yoyote lakini ina T83GX na tarehe ya mwisho, imekrakiwa.

Ubaya wa kraki hauishii kwenye sheria. Ili ifanye kazi, fundi huambiwa azime kwanza kinga ya virusi, kisha aipe ruhusa zote programu ambayo hajui nani aliiandika. Kwenye kompyuta ya steshenari, inayopitisha namba za NIDA, vyeti na nywila za watu wazima na wanafunzi, hiyo ni bei kubwa ya kuondoa maandishi kwenye kona ya kioo. Windows 10 isiyoaktivetiwa haizimiki: inachapa, inafungua intaneti, na ilikuwa ikipokea masasisho ya usalama hadi msaada wa kawaida ulipokoma Oktoba 2025. Inachonyima ni mapambo, kama kubadilisha picha ya nyuma. Sheria nayo ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa uvunjaji wa haki hizo kupitia kompyuta.

Funguo za bei ya chee zinazouzwa mtandaoni zinasimama katikati. Baadhi yake zina asili ya halali, zimetolewa kwenye mashine zilizotupwa Ulaya, ambako Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua tarehe 3 Julai 2012, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, kwamba aliyenunua leseni ya kudumu ya programu anaweza kuiuza tena iwapo ataacha kuitumia yeye. Hukumu hiyo haivuki mipaka ya Umoja huo. Nyingine ni funguo za taasisi zilizovuja, zinazokubali leo na kufungwa baadaye. Mnunuzi hana namna ya kuzitofautisha kwa kuzitazama, na kwa mwenye kompyuta ya ofisi ya mtumba swali ni la bure, kwa kuwa leseni anayo.

Microsoft yenyewe iliwahi kutoa njia ya wazi. Kuanzia 29 Julai 2015 hadi 29 Julai 2016 mwenye Windows 7 au 8.1 halali alipandishwa bure kwenda 10. Muda ulikwisha, lakini seva ziliendelea kukubali, na tangu Novemba 2015 iliwezekana hata kupiga Windows 10 moja kwa moja na kuandika ufunguo wa stika ya Windows 7. Kwa miaka saba baada ya tarehe rasmi mafundi dunia nzima waliitumia njia hiyo, hadi Septemba 2023 kampuni ilipotangaza kuifunga. Kompyuta zilizopita kabla ya hapo zilibaki na leseni zao za kidijitali. Kwa hiyo OptiPlex yenye stika ya 7 inaweza kuwa na haki ya Windows 10 bila mwenyewe kujua, endapo mtu wa zamani, huko ilikotoka, aliwahi kuipandisha. Kujua ni rahisi: hupigwa Windows 10 Pro bila ufunguo, ikaunganishwa na intaneti, ikangojewa.

Leseni ya kidijitali ya Windows 10 inafaa pia kwa Windows 11 ya toleo lile lile, bila malipo. Kikwazo ni chuma. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea isipokuwa chache. Desktopu nyingi za mtumba zilizopo nyanda hizi ni za kizazi cha pili hadi cha sita. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo zina leseni safi ya mfumo ambao hautunzwi tena kama zamani, na ya mfumo mpya ambao haziruhusiwi kuupokea.

Kwa mashine kama hizo Linux ni jibu la kiufundi lisilohitaji ufunguo, na si jambo geni nchini. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitafsiri programu za ofisi kwa Kiswahili na kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Ubuntu au Linux Mint hupigwa mara nyingi kadiri inavyotakiwa, kwenye mashine zozote, na hakuna seva inayouliza kitu. Kompyuta ya shule au ya steshenari ikihamia huko haipotezi leseni yake ya Windows: ufunguo wa kwenye bayosi hauguswi, kumbukumbu ya kidijitali haifutwi kwa sababu mashine imekaa kimya, na mwenye nayo akitaka kurudi, hupiga toleo lile lile, akachagua kwamba hana ufunguo, akawasha hotspoti.